Je, dondoo ya mitishamba itazuia mafuta yangu ya alizeti yasichache?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa Singida, na pia natengeneza siagi ya karanga. Mafuta nayauza kando ya barabara, kwenye chupa za lita moja na madumu ya lita 20. Yakikaa wiki kadhaa, hasa yale ninayoyapanga mezani nje, yanaanza kunuka kama rangi ya mafuta na wateja wananirudishia. Kuna kijana ananiuzia dondoo ya mlonge na mitishamba mingine. Ana karatasi ya maabara inayosema ina nguvu ya antioksidanti kuliko vitamini C. Anasema nikitia kijiko kimoja kwa kila dumu mafuta yatakaa mwaka mzima, na kwenye lebo naweza kuandika kuwa yanakinga saratani. Ni kweli? Kama si hiyo, nitie mmea gani na kiasi gani?"

Marahaba, mama. Dondoo hiyo usiinunue. Ni kweli ipo mitishamba inayochelewesha mafuta kuchacha, na viwanda vikubwa vya vyakula huitumia kila siku. Shida ni kwamba karatasi ya kijana huyo haikupima mafuta, na mafuta yako yanaharibiwa na mambo ambayo kijiko cha dondoo hakiyafikii.

Nianze na hiyo harufu ya rangi, maana umeitaja barabara kabisa. Alizeti ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaiweka kati ya asilimia 48.3 na 74.0 ya asidi zote za mafuta hayo. Oksijeni huishambulia linoleiki kwa kasi ya takriban mara kumi kuliko oleiki, ambayo ndiyo nyingi kwenye mafuta ya zeituni. Rangi ya mafuta inayopakwa milangoni nayo hukauka kwa kemia hiyo hiyo: oksijeni inaingia kwenye mafuta yake na kuyageuza. Mteja anayesema "yananuka rangi" hajakosea.

Uharibifu wenyewe huanza kimyakimya. Mwanga, joto au chembe ya chuma huchochea molekuli moja ya mafuta ipoteze hidrojeni yake. Molekuli hiyo iliyopungukiwa inashika oksijeni, inamnyang'anya jirani yake hidrojeni, jirani naye anamgeukia wa pembeni, na mambo yanasambaa kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Kinachozaliwa kwanza ni peroksaidi, ambazo hazina harufu. Zikishalimbikizana ndipo zinavunjika na kutoa vitu kama heksanali, na hapo sasa pua inasikia. Kwa hiyo siku unaponusa ubaya, mafuta yalishaharibika kitambo. Ndiyo sababu maabara haingojei harufu bali hupima peroksaidi zenyewe. Kwa mafuta yasiyosafishwa kiwandani, Codex inaruhusu zifike miliekwivalenti (kipimo cha maabara) 15 za oksijeni kwa kilo. Kwa yaliyosafishwa, 10.

Antioksidanti ni molekuli inayojitolea hidrojeni yake ili mnyororo huo wa kunyang'anyana ukatike. Mimea mingi huwa nazo kwa sababu nayo inaishi kwenye jua na oksijeni, na inahitaji kujikinga. Nyingi ni za jamii ya fenoli. Lakini kila ikitoa hidrojeni inatumika, na ikiisha imeisha. Haiui vijidudu, haiondoi unyevu, na haiyarudishi mafuta yaliyokwisha kuchacha. Alizeti yenyewe imekuja nayo tayari: vitamini E ya aina ya alfa-tokoferoli, ambayo kwa kawaida huzidi miligramu 400 katika kila kilo ya mafuta. Ukiona mafuta yenye kinga kiasi hicho yanachacha ndani ya wiki chache, usiulize kwanza uongeze nini. Uliza ni nini kinachoimaliza kinga iliyopo.

Sasa hiyo karatasi. Ninavyoijua biashara hii, kipimo kitakuwa kile kiitwacho DPPH, kinachotumika tangu mwanasayansi Blois alipokieleza mwaka 1958. Wanachukua unga wa zambarau, wanauyeyusha katika alkoholi, wanatia dondoo, na kuangalia jinsi zambarau inavyofifia na kuwa njano. Ni kipimo rahisi na cha haraka, na kinafaa kwa kulinganisha majani ya msimu huu na ya msimu uliopita. Ila ndani ya chupa ile hamna mafuta, hamna jua la Singida, hamna kutu ya pipa, na kazi yote huisha ndani ya kama nusu saa. Kulinganisha na vitamini C ndiko kunakonichekesha zaidi. Vitamini C haiyeyuki katika mafuta. Uimimine kwenye dumu itatulia chini kama mchanga, na ikikutana na chuma ndani ya maji kidogo inaweza hata kuchochea uharibifu. Dondoo inayoishinda vitamini C katika alkoholi haijathibitisha lolote kuhusu alizeti.

Mlonge wenyewe sina ugomvi nao. Majani yake ni mboga nzuri, kula. Lakini dondoo ya majani mabichi au makavu huja na klorofili, ule ukijani. Klorofili ikiwa ndani ya mafuta na kupigwa na mwanga hupokea nguvu ya mwanga na kuipitisha kwa oksijeni, na oksijeni iliyochangamshwa namna hiyo huishambulia linoleiki kwa kasi ya zaidi ya mara elfu moja kuliko oksijeni ya kawaida. Katika giza dondoo hiyo ya kijani ingeweza kusaidia kidogo. Kwenye meza yako ya barabarani, ndani ya chupa inayopitisha mwanga, unaweza kulipia kitu kinachoharakisha kile unachokikimbia. Na kama imetengenezwa kwa maji, itakuingizia pia unyevu. Halafu "mitishamba mingine" ni mingapi, na ipi? Mafuta ya mbegu za mwarobaini, kwa mfano, yamewahi kudhuru vibaya watoto walionyweshwa kama dawa. Mtu asiyetaja kilichomo usimruhusu aguse chakula unachouza.

Mmea uliothibitika kwa mafuta ni rozimari, kiungo cha majani yanayonukia. Mwaka 1952 Chipault na wenzake huko Marekani walijaribu viungo 32 katika mafuta ya nguruwe, na rozimari na seji, kiungo kingine cha majani, vikaonekana kuwa bora kuliko vyote. Mwaka 1977 Chang wa Chuo Kikuu cha Rutgers, pamoja na wenzake, walieleza namna ya kupata dondoo ya majani hayo isiyo na harufu kali wala rangi nzito. Hapo ndipo jambo likawa la kiwanda, kwani nani angenunua mafuta ya kukaangia yanayonukia kama bustani? Umoja wa Ulaya uliiruhusu rasmi kama kiongezi, yaani kitu cha kutiwa kwenye chakula, mwaka 2010, kwa namba E392. Kinachofanya kazi ni asidi ya kanosiki na kanosoli, ambazo huyeyuka kwenye mafuta, tofauti na fenoli nyingi unazopata ukichemsha majani katika maji. Tena kipimo chake hakihesabiwi kwa uzito wa dondoo. Kinahesabiwa kwa uzito wa hivyo viwili vilivyomo ndani yake, na kwa mafuta ya mimea yenye linoleiki nyingi Ulaya huruhusu jumla ya miligramu 30 kwa kilo. Tuseme una dondoo yenye asilimia 5 ya viini hivyo. Utahitaji gramu 0.6 kwa kilo ya mafuta. Dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18 na ushei, kwa hiyo ni gramu 11 hivi kwa dumu zima. Unaona mwenyewe kuwa "kijiko kimoja" si kipimo mpaka ujue dondoo ina asilimia ngapi ya nini.

Hata hivyo sikushauri uitie rozimari kwenye mafuta hayo, na sababu ni ya kanuni zaidi kuliko kemia. Mafuta yanayokamuliwa kwa mashine, yakatulizwa na kuchujwa tu bila kemikali, Codex inayaweka kwenye kundi la mafuta asilia, na hairuhusu kiongezi chochote katika kundi hilo wala katika yale yaliyokamuliwa bila joto. Ulaya nayo imeyatoa mafuta asilia katika ruhusa ya rozimari. Mteja akisoma "alizeti asilia" anategemea alizeti tupu. Ukitaka kutia kitu, jina la bidhaa na lebo vitabadilika, na itakubidi uulize kwanza TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. Kwa mzalishaji wa kiwango chako, gharama na usumbufu wa njia hiyo haulipi wakati bado kuna faida kubwa unayoweza kuipata bure.

Faida hiyo iko wapi? Meza ya nje ndiyo ya kwanza. Onyesha chupa mbili tatu tu kama sampuli zisizouzwa, nyingine zote zikae ndani ya maboksi kivulini. Ukiweza kupata chupa za rangi nzito, zipate. Jaza chupa hadi shingoni ili hewa iwe kidogo. Nusu chupa ya mafuta ni nusu chupa ya hewa.

Ya pili ni chuma. Chuma chenye kutu na shaba ni adui mkubwa wa mafuta hata kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Angalia pipa la kutulizia, angalia bomba, angalia koki. Koki ya shaba au ya shaba nyeupe iondoe leo. Tumia chuma kisichopata kutu au plastiki ya chakula. Viwanda vinavyosafisha mafuta hutia asidi ya sitriki kidogo ili ikamate hizo chembe za chuma, na ukiniuliza, katika mafuta mengi hiyo inafanya kazi kubwa kuliko dondoo zinazosifiwa kwenye matangazo.

Ya tatu watu wengi hawaijui: usimimine mafuta mapya juu ya mabaki ya zamani. Yale mabaki yamejaa peroksaidi, na peroksaidi ndizo zinazowasha mnyororo upya. Dumu lililorudishwa na mteja lioshwe kwa sabuni na maji moto, likauke kabisa ndani, kisha lijazwe. Likiwa bado linanuka baada ya kuoshwa, litafutie kazi nyingine, plastiki imeshanyonya.

Mbegu nazo. Zikaushe hadi unyevu wa asilimia 8 au 9, pepeta zilizovunjika na zenye ukungu, na usizirundike wiki nyingi kwenye magunia yaliyolala sakafuni. Baada ya kukamua yaache mafuta yatulie, uyachuje vizuri. Mashapo yana maji na vimeng'enya vinavyoyachachua mafuta kwa njia nyingine kabisa, ambayo antioksidanti haiigusi. (Kwa wasomaji wa pwani wanaouliza kuhusu mafuta ya nazi: hayo yana linoleiki kidogo mno, na yakinuka mara nyingi kosa ni unyevu na ukungu. Kuyatilia rozimari ni kupoteza pesa.)

Siagi ya karanga ni habari nyingine. Hiyo ni chakula chenye mchanganyiko, na kiungo cha jikoni unaweza kukitia kama kiungo, ukakitaja kwenye lebo kwa jina lake. Hapa ningeanza na karafuu. Mafuta ya kikonyo cha karafuu yanayotoneshwa kule Wawi, Pemba, karibu yote ni yujenoli, na yujenoli ni fenoli inayoyeyuka kwenye mafuta na inayokatiza mnyororo vizuri sana. Tatizo lake ni ukali. Kiasi kinachotosha kulinda kinaweza kuzidi kiasi ambacho ulimi unakubali, na siagi yako ikawa kama dawa ya jino. Anza na gramu moja ya karafuu iliyosagwa laini kwa kilo moja ya siagi, onja baada ya siku mbili, kisha uongeze polepole. Tangawizi kavu na mdalasini vinaelewana na karanga pia. Rozimari iliyokaushwa na kusagwa inafaa kwa karanga za kukaanga zenye chumvi, kwa wanaoipenda ladha yake. Chochote utakachotia kiwe kikavu kabisa na kisiwe kimeanikwa chini, la sivyo unaingiza ukungu na mchanga wenye chuma.

Hapo hapo kwenye karanga niseme jambo zito kuliko harufu. Hakuna dondoo inayoondoa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu 20 huko Dodoma na Manyara, majirani zako, na karanga zinashambuliwa na ukungu huo huo. Kiungo chenye harufu nzuri kinaweza kuficha harufu ya karanga zilizovunda bila kupunguza sumu hata chembe. Kwa hiyo chambua kwanza kwa mkono, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, ndipo uzungumzie karafuu.

Najua kuna atakayesoma hapa akatamani kujitengenezea dondoo nyumbani. Tafadhali usitumie spiriti ya dukani ya kuwashia jiko. Mara nyingi imetiwa methanoli makusudi ili isinyweke, na methanoli hupofusha na kuua. Viwandani hutumia ethanoli ya chakula au kimiminika kingine kinachoruhusiwa, kisha wanakiondoa chote na kupima mabaki. Kuloweka majani mabichi, vitunguu saumu au pilipili mbichi ndani ya mafuta na kuyaacha kabatini nako si salama. Majani mabichi yana maji, mafuta yanaziba hewa, na bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayopooza mwili, wanapenda hali hiyo hasa. Mwaka 1985 mgahawa mmoja huko Vancouver, Kanada, uliwadhuru watu 36 kwa vitunguu saumu vilivyohifadhiwa katika mafuta bila baridi. Mafuta yenyewe hayakuonekana na kasoro.

Kuhusu lebo ya saratani, jibu ni hapana, na si kwa kuogopa wakaguzi tu. Kuzuia mafuta yasichache chupani na kuzuia ugonjwa mwilini ni mambo mawili. Kule Finland wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, baadhi wakipewa betakarotini, antioksidanti maarufu wakati ule. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Utafiti kama huo nchini Marekani ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Na mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake orodha ya vyakula iliyopangwa kwa alama za antioksidanti, kwa kuwa wauzaji walikuwa wakiitumia kunadi bidhaa ilhali alama hizo hazionyeshi manufaa kwa afya ya mtu. Isitoshe, dondoo si jani. Chai ya kijani imenywewa karne nyingi bila tabu, lakini mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walionya kuwa vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu, yaani antioksidanti ya majani hayo, kwa siku vimehusishwa na dalili za kuumia ini. Andika "mafuta ya alizeti", tarehe ya kukamua, na "hifadhi mbali na mwanga". Inatosha.

Kabla hujatumia senti yoyote, fanya jaribio hili dogo. Chukua mafuta ya siku moja, ya pipa moja. Gawa kwenye chupa za kioo zinazofanana, kiasi sawa katika kila moja: moja mafuta matupu, moja yaliyopitia koki yako ya zamani, moja yenye dondoo ya huyo kijana kama bado moyo unakusukuma. Ziweke ndani ya oveni iliyotulia kwenye nyuzi 60 za selsiasi, bila mwanga, vifuniko vimelegezwa. Tumia kipimajoto, usiiamini namba ya kwenye kitasa. Kila siku mwombe mtu asiyejua ipi ni ipi anuse na aandike. Wataalamu hukadiria siku moja kwenye joto hilo kuwa karibu na mwezi mmoja kwenye rafu, lakini hilo ni kadirio la juujuu. Wewe angalia tu ipi inatangulia kunuka na ipi inachelewa. Ukipata nafasi, peleka sampuli za siku ya nne maabara ya TBS au idara ya sayansi ya chakula pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, wakupimie peroksaidi.

Wakati huo huo, weka kando chupa mbili kutoka kila mkamuo, moja ndani ya boksi na nyingine juu ya ile meza ya barabarani. Zinuse kila baada ya wiki mbili. Muda wa ile ya kwenye boksi, ukiupunguza kwa robo ili uwe upande wa salama, ndio utakaokupa tarehe ya mwisho ya kutumia ya kuandika kwenye lebo. Na ile ya mezani itakuambia kama unahitaji turubai la kuikinga meza na jua.